Jozi Isiyolingana

Mama alikuwa amesimama kitandani na viatu vipya miguuni, kichwa chake kikikaribia kugusa bati.

“Tembea,” Sindano akamwambia.

“Nitembee niende wapi? Kitanda chenyewe ndicho hiki.”

“Nenda ukutani, halafu rudi.”

Mama akaenda ukutani, akarudi. Godoro lilikuwa limechoka siku nyingi, kila akikanyaga linambonyea mpaka kwenye mbao. Alipogeuka akayumba, akadaka kamba ya nguo, na magauni yaliyokuwa yametundikwa yakamwangukia kichwani. Wakacheka, mtu na bintiye, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta kuwauliza wamekula nini asubuhi yote hii.

Sakafu ilikuwa marufuku. Mwalimu wa kazi za mikono alikwisha kuwatangazia wanafunzi wa darasa la mwisho kwamba mradi uliotumika haupokelewi. Mkaguzi wa mtihani akiona vumbi kwenye soli atasema viatu vimeokotwa kwenye rundo la mitumba. Kwa hiyo tangu vilipoanza kufanana na viatu, mama alikuwa akivijaribia kitandani, kama kuku anayefundishwa kulala darini.

Sindano hakuwa jina lake la shuleni. Alipewa na watoto wenzake kwa ajili ya wembamba, na baadaye mdomo wake ukalithibitisha. Alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua kamba za viatu, akavivua taratibu, akafuta soli kwa kitambaa ingawa hazikuwa na kitu, akavifunga kwenye gazeti. Mama akashuka, akatafuta kandambili zake uvunguni kwa kidole cha mguu. Ile ya kushoto ilikuwa imepasuliwa kwa wembe ubavuni ili mguu upate pa kutokea.

“Leo ndiyo ile siku ya Filimbi?” Sindano akauliza bila kumtazama.

“Ndiyo hiyo.”

“Sasa?”

“Nitamwomba anivumilie mpaka kesho. Si umesema mkishakaguliwa mnarudishiwa vitu vyenu leo leo?”

“Mwalimu ndiye aliyesema.”

“Basi. Siku moja haimuui mtu.”

Filimbi alikuwa msimamizi mpya wa chumba cha kufulia cha hospitali, mahali ambapo mama alikuwa amefua mashuka tangu Sindano hajaota meno. Watu walimwita hivyo kwa sababu alivaa filimbi shingoni na kuipuliza ilhali wafanyakazi wote walikuwa wakimwona. Kazi ya ufuaji ilikuwa imekabidhiwa kampuni, na kampuni ilikuja na masharti yake. Sharti la kwanza lilikuwa viatu vya kufunika, na siku ya mwisho ya kuvipata ilikuwa hiyo. Kandambili zilihesabiwa kuwa hatari. Hakuna aliyebisha, ni kweli zilikuwa hatari. Ila hakuna pia aliyeuliza ule mguu wa kushoto wa mama uliharibikia wapi.

Uliharibikia humo humo. Toroli lililojaa mashuka ya maji lilichomoka gurudumu, likamlalia. Hospitali iliyomvunja ndiyo iliyomfunga, ikampa vidonge vya maumivu, ikamrudisha kwenye mashine kabla hajaacha kuchechemea. Mifupa ikajiunga ilivyotaka yenyewe. Mguu ukawa mfupi na mpana, umeinuka katikati kama mkate uliozidi hamira, na kidole gumba kikaenda kumlalia jirani yake. Madukani viatu vinauzwa kwa jozi, na jozi maana yake ni miguu miwili inayofanana. Mama aliwahi kumwuliza muuza viatu kama angemtolea kimoja cha saizi hii na kimoja cha saizi ile. Yule bwana alicheka kwa adabu, akamwambia, “Sasa mama, hivi viwili vitakavyobaki nitamuuzia nani?”

Kwa hiyo wanafunzi walipoambiwa kila mmoja atengeneze kitu kwa mikono yake mwenyewe, wenzake wakachagua vigoda, vikapu na fremu za picha. Sindano akaandika: viatu. Mwalimu akamwuliza kama anajua anachokitafuta. Akasema anakijua, na hapo hakuwa anakijua hata kidogo.

Alikwenda kwa fundi viatu wa pale kona, waliyemwita Fundi Kesho. Mteja akija kuulizia kiatu chake, jibu lilikuwa moja tu. Fundi Kesho hakuwa mkarimu, lakini alikuwa mwoga wa kugombana. Wakaelewana hivi: Sindano atatumia vifaa vyake jioni, na wateja wakali wakija, yeye ndiye atakayesimama mbele na kulitamka lile neno. Akalitamka mpaka likamkaa mdomoni. Siku moja mama alimtuma maji, akajibu, “Kesho.” Hakurudia tena.

“Kiatu cha namna hii sijawahi kushona,” Fundi Kesho alimwambia alipoona mchoro wa miguu ya mama kwenye boksi, “na kusema kweli sina hamu ya kuanza.”

Kalibu zake, ile miguu ya mti inayovalishwa ngozi ili kiatu kipate umbo, zote zilikuwa za watu wenye miguu mizima. Sindano akaomba moja kuukuu iliyopasuka, akaikata mbele kwa msumeno, akaizungushia vipande vya mpira wa baiskeli mpaka ikanenepa pale mama aliponenepa. Kila jioni aliirudisha nyumbani, akaiweka kando ya mguu wenyewe, akakodoa macho, akaongeza hapa, akapunguza pale. Mama akalalamika kwamba anakaguliwa kama mbuzi wa mnada.

Soli zilitoka kwenye tairi. Ngozi ilitoka kwenye mkoba wa karani mmoja uliokatika mpini, ya kahawia, yenye mikwaruzo ambayo alijitahidi kuificha upande wa ndani. Uzi wa kushonea viatu ulipopanda bei, akafumua mshono wa begi lake la shule, akaupaka nta ya kipande cha mshumaa, akaendelea, na daftari zikaanza kubebwa kwenye mfuko wa plastiki. Kiatu cha kwanza cha kushoto kilikuja na pua ya chini mno. Gumba la mama lisingeingia hata kwa kuombwa. Akakivunja chote, akaanza upya. Shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ikampenya kidole hadi kwenye ukucha. Fundi Kesho akampa gundi abandikie jeraha, akamwambia sasa ameshakuwa fundi, maana fundi asiye na kovu ni mfanyabiashara.

*

Ukumbi wa shule ulinuka vanishi. Miradi ilikuwa imepangwa juu ya madawati yaliyounganishwa, kila mmoja umefungiwa namba kwa uzi. Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye mafua. Alikuwa ametoka shule nyingine na bado alikuwa na nyingine mbele yake, na kila baada ya kazi kadhaa alisimama kupenga kamasi kwenye leso. Mkononi alikuwa na rula ya chuma na karatasi za alama. Mwalimu wa kazi za mikono, mwanamke mfupi ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Chaki, alimfuata nyuma akibeba kikombe chake cha chai.

Mkaguzi akafika kwenye kigoda cha kijana wa mwenye duka la mbao. Akakipima miguu yote, akakitikisa, kikatulia. Alipotaka kuondoa mkono, vanishi ikamng'ang'ania.

“Umekitengeneza lini?”

“Siku nyingi, mwalimu.”

“Na vanishi?”

“Hiyo… nilirudia.”

Watu wakabana vicheko. Mkaguzi akafuta kiganja, akaandika alama. Miguu ya kigoda ilikuwa sawasawa, na sawasawa ndiyo iliyokuwa inatafutwa.

Alipofika kwa Sindano akaviinua viatu, akavigeuza, akavuta mishono kwa ukucha. Haikulegea. Akakunja soli, ikakunjika na kurudi. Kwa muda mfupi uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyeona kitu kizuri sokoni. Halafu akavibana pamoja, soli kwa soli, kisigino kwa kisigino.

“Hivi ni vya watu wangapi?”

“Vya mtu mmoja, mwalimu. Mama yangu. Mguu wake wa kushoto uliumia, kwa hiyo—”

“Kimoja kifupi, kimoja kirefu. Kimoja kimevimba hapa.”

“Ndivyo mguu ulivyo. Yupo. Naweza kwenda kumwita, akavaa, ukaona.”

Mkaguzi akapiga chafya, akaomba radhi. “Mtihani haupimi mama wa mtu, binti. Hapa nimeandikiwa: jozi ilingane kwa urefu, ilingane kwa upana, ilingane kwa umbo. Niandike inalingana?”

“Inalingana na mwenyewe.”

Mwalimu Chaki akakitazama kikombe cha chai. Mkaguzi hakukasirika. Akasema kanuni haikutungwa na yeye, na kwamba mshono ni mzuri, mshono atautendea haki. Akaandika. Sindano alikuwa hodari wa kusoma maandishi yaliyopinduliwa. Aliona kwamba amefaulu, kwa kuponea chupuchupu, lakini amefaulu. Akashusha pumzi. Kufaulu tu kulimtosha. Chuo cha ufundi hakikupokei bila alama ya mradi kwenye cheti, hata uje na nyundo yako mkononi.

“Kazi zote zitabaki stoo mpaka mwisho wa mwaka,” mkaguzi akasema kwa sauti ya ukumbi mzima. “Ni agizo jipya. Mwaka jana kigoda kimoja kilizunguka shule tatu.”

Wengine wakacheka. Sindano akamgeukia Mwalimu Chaki.

“Mwalimu, ulisema tutarudishiwa leo.”

“Nilisema nilivyoambiwa. Na mimi agizo nimelisikia asubuhi hii hii.”

*

Bawabu alimkuta amekaa kwenye ngazi za ukumbi. Akamwambia ana mgeni getini.

Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe la bawabu, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Sare yake ya kazini ilikuwa kavu. Sindano aliona hilo kwanza, kwa sababu saa kama hizo sare ya mama huwa imelowa mpaka kiunoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umeshamaliza mtihani wako?”

“Filimbi kasema nini?”

Mama akamwelezea kwa kifupi, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Hakupita hata mlango wa wafanyakazi. Aliomba siku moja. Filimbi akamjibu kwamba kila mtu ana kesho yake. Akamwambia aende akavae viatu vya kufunika, arudi kabla zamu ya mchana haijaingia. Asiporudi, pale nje kulikuwa na mwanamke amesimama na viatu vyake vyeusi, vimepakwa rangi vizuri, anasubiri nafasi.

“Na mwanamke mwenyewe hata kunitazama usoni alishindwa,” mama akasema. “Nikamwonea huruma. Naye ana watoto, yule, anaonekana tu.”

“Wanavifungia stoo, mama. Mpaka mwisho wa mwaka.”

Mama akainama, akatoa kijiwe kilichoingia kwenye kandambili.

“Nikivitoa itakuwa sikufanya mradi,” Sindano akasema. “Na nimefaulu. Kidogo, lakini nimefaulu.”

“Basi viache.”

“Na kazi?”

“Kazi nitatafuta.”

“Wapi? Na mguu huo nani atakuchukua, kama walioutengeneza wenyewe hawautaki?”

“We mtoto, punguza mdomo.” Lakini alisema bila nguvu. “Cheti hakipatikani mara mbili. Mimi nimekwisha kuishi maisha yangu nusu. Rudi darasani.”

Akasimama, akamshukuru bawabu kwa kiti, akaanza kuondoka. Alikuwa akitembea kwa namna yake ya siku zote, akiitangulizia dunia mguu wa kulia na kuuvuta wa kushoto kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Sindano akamtazama mpaka akafika kwenye kona ya ukuta.

“Mama, nisubiri hapo!”

Alirudi ukumbini anakimbia. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kubeba miradi kuelekea stoo. Viatu vyake bado vilikuwa juu ya dawati. Akavichukua.

“Wewe,” mkaguzi akasema, “stoo ni upande ule.”

“Navipeleka kwa mwenyewe. Anavihitaji kazini sasa hivi.”

“Umesikia niliyosema?”

“Nimesikia.”

“Ukivitoa mlangoni, huna kazi. Nikija kuulizwa ushahidi, nitaonyesha nini?”

“Nitavirudisha jioni. Kila siku jioni nitavileta, mvifungie, asubuhi nije nivichukue.”

Mkaguzi alimtazama kwa uchovu wa kweli, si wa kujifanya. “Binti, usinitie majaribuni. Mimi pia nina bosi.”

Sindano hakuweka viatu chini. Mkaguzi akangoja kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kurudi nyuma bila aibu. Kisha akaitafuta karatasi yake, akakata alama aliyokuwa ameandika, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: HAYUPO.

“Niko hapa,” Sindano akasema.

“Nakuona.” Akapenga kamasi. “Lakini karatasi haina nafasi ya kuandika hilo.”

Ule uzi wa namba ulikuwa umefungwa kwa fundo gumu. Sindano akauvuta, ukagoma. Akauvuta kwa meno. Mwalimu Chaki akatua kikombe, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa mkasi, akaukata uzi. Namba ikaanguka chini, na mwalimu akainama kuiokota, kwa sababu namba ilitakiwa irudishwe.

Mama alivivaa pale kwenye kona, ameegemea ukuta, Sindano amepiga magoti kwenye vumbi akimfunga kamba. Ilikuwa mara ya kwanza soli zile kukanyaga ardhi. Mama hakuuliza kilichotokea ukumbini. Aliangalia uso wa mwanawe, akaelewa.

“Nimechelewa,” akasema tu.

“Kimbia basi.”

“Nikimbie na nini?” Lakini akaondoka kwa haraka kuliko ilivyokuwa kawaida yake. Sindano akabaki ameshika kandambili. Baada ya hapo kulikuwa na kipindi cha hesabu. Akaenda, akakaa, akafanya maswali yote, akakosa moja.

*

Mama alirudi jua likiwa bado halijazama, sare imelowa mpaka kiunoni. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa mlangoni akichambua mchele. Akavisifu viatu, akauliza vimenunuliwa duka gani. Mama akamwambia duka hilo halijafunguliwa bado. Akaingia ndani, akafunga pazia, akakaa kitandani, akakaa hivyo hivyo bila kuvivua.

“Filimbi je?” Sindano akauliza.

“Alinitazama miguu, akapuliza filimbi, nikaingia.”

“Na yule mwanamke?”

“Alikuwa bado amesimama. Nadhani na kesho atakuwapo.”

Sindano akafungua kamba. Kiatu cha kushoto kilitoka chenyewe, bila tabu. Cha kulia, cha ule mguu mzima ambao hakuna aliyeuhangaikia, kikagoma. Mama akakaza meno. Kilipotoka, kisigino kilikuwa kimechubuka, na kitambaa cha ndani kimelowa damu.

“Mama! Mbona hukusema?”

“Ningemwambia nani? Mashine hazisimami.”

“Ungevua kidogo.”

“Nivue, mwenzangu yuko nje anachungulia?”

Sindano akaingiza kidole ndani ya kiatu, akapapasa. Pale alipokuwa amekunja ngozi ya kisigino na kuishona, ukingo ulikuwa umesimama mgumu kama ukucha. Kitandani usingeweza kuujua. Godoro lilikuwa linaunyenyekea. Kwa siku zote zile aliuwazia mguu wa kushoto peke yake, wa kulia akauchukulia kuwa hauna neno.

“Kosa langu,” akasema. “Hapa ilitakiwa ngozi ichunwe iwe nyembamba kabla ya kukunjwa, halafu igongwe nyundo.”

“Si kosa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.” Mama alikuwa ameanza kuuosha mguu kwenye beseni, polepole. “Kwani yule mkaguzi wako na kipimo chake chote, hilo hakuliona?”

“Alipima nje. Ndani hakutia mkono.”

Mama akatikisa kichwa. Akauliza, kama jambo la kupitia tu, mradi mwingine unafanywa lini. Sindano akasema mwakani, pengine, wakimruhusu. Mama akarudia, “Mwakani,” akaendelea kujimwagia maji.

“Kesho unaingia zamu gani?”

“Ya asubuhi.”

Sindano akavuta kigoda mlangoni, kwenye mwanga uliobaki, akakipakata kiatu. Akautafuta mwanzo wa mshono. Alikuwa ameushona vizuri, mkaguzi alisema kweli. Kisu kilihangaika kabla uzi wa kwanza haujakatika.